Mimi ni Brian, siyo Phiona

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wenzangu mambo vipi. Nimeambiwa nina dakika ishirini kabla projekta haijawashwa, na mwenyekiti ananiangalia kwa lile jicho la mtu aliyewahi kunisikia nikiongea, kwahiyo ntajitahidi ila sitoi ahadi.

Muvi ya leo ni Queen of Katwe, ya mwaka 2016, kaiongoza Mira Nair kwa hela za Disney. Najua kuna watu wameshaiona na kuna watu wamekuja kwa ajili ya Lupita Nyong'o, wote karibuni. Kwa ambaye hajui kabisa, ni habari ya kweli ya Phiona Mutesi, binti wa Katwe pale Kampala, alikuwa anauza mahindi barabarani, akaja kufundishwa chesi na jamaa mmoja anaitwa Robert Katende, akawa bingwa. Hapo nimewaambia yote na wala sijamharibia mtu, maana hii siyo muvi ya kusubiri kujua nani kashinda. Jina lenyewe limeshakwambia kuna malkia.

Sasa, watu wengi wakimaliza kuangalia hii muvi utasikia ndoto, ndoto, ukiwa na ndoto utafika. Sawa, sibishi. Ila mimi sikuipendea hilo. Mimi nimeiangalia mara nyingi sana, nimewawekea wateja wa kibanda changu cha simu kwenye memori kadi hata ambao hawakuiomba (mtu kaleta simu niweke singeli na taarabu anaondoka na Lupita), na kila nikiiangalia sijioni kwa Phiona hata kidogo. Mimi ni Brian.

Eeh, Brian ni nani? Ndo shida yenyewe hiyo. Nimewauliza watu wengi walioiona, Brian unamkumbuka, anakwambia yupi huyo, yule kocha? Hapana. Brian ni kaka yake Phiona. Na chesi ilianza kuwa ya Brian. Yeye ndo alikuwa anaenda kwa Katende, kule ambako watoto walikuwa wanapewa uji na kufundishwa kucheza, na Phiona siku hiyo akamfuata nyuma kimyakimya kuona huyu mtu anapotelea wapi. Kwahiyo kama siyo Brian kufuata uji, hakuna malkia wa Katwe. Alafu Phiona akaingia, akakaa, na haikuchukua muda akamzidi kaka mtu, akawazidi na wengine wote pale ndani. Na muvi haimfanyi Brian awe mbaya. Hanuni, hamfichii mtu kete, haendi kujiunga na wahuni ili sisi tupate funzo. Anaendelea kuwepo tu. Anauza mahindi, anacheza, anashangilia. Mimi nlikuwa sijawahi kuona muvi inayomwonyesha mtu wa namna hiyo bila kumhurumia wala kumgeuza adui.

Ngoja niwaambie kwanini hilo lilinigusa. Sisi tumekulia Mabatini ya Mwanza, wengi hapa mnapajua, na mama alikuwa anachukua dagaa Mwaloni Kirumba anakuja kuuza kwa mafungu. Baba alishatangulia, hiyo tuiache. Mimi mkubwa, mdogo wangu wa kike ananifuata. Jirani na kwetu kulikuwa na kijiwe cha drafti, lile drafti letu la ubao uliochorwa kwa mkaa na vizibo vya soda, vya kwako vimelala vya kwangu vimefunuka, na mimi pale nlikuwa mtu. Nlikuwa nawafunga watu wazima wenye ndevu. Mdogo wangu akitumwa kuniita nyumbani anakuja anasimama nyuma yangu, anaangalia, harudi. Mama anatuma mtu wa pili kumwita wa kwanza.

Basi siku moja mzee mmoja alikuwa anacheza na mimi, nimembana, hana pa kwenda, yaani nahesabu tu lini anasalimu amri. Simu yake ikalia, akanyanyuka kwenda kuongelea pembeni. Mdogo wangu akachuchumaa pale kwenye kiti cha mzee, akasogeza kizibo kimoja. Mimi nikacheka, nikala. Akasogeza kingine, nikala tena maana drafti ukiachiwa lazima ule. Alafu akachukua cha tatu akaruka, tap, tap, tap, akafika mwisho kabisa wa ubao, akadaka kizibo kingine akakipachika juu, kingi. Mzee anarudi na simu mkononi anauliza, nani kasogeza hapa? Kijiwe kizima kimenyamaza kinaniangalia mimi. Siku ile nlijua, yaani nlijua kabisa tumboni, kwamba huyu mtoto ana kitu ambacho mimi sina na sitakipata hata nikikaa pale kijiweni mpaka nizeeke.

Kwahiyo mtakapofika kwenye kile kipande cha Gloria, msiongee na simu. Gloria ni katoto kadogo, ndo kanamfundisha Phiona kucheza. Watoto wengine wanaziba pua, wanasema huyu ananuka, na Phiona anarusha ngumi kweli, siyo mchezo. Katende anaona mtu anayepigana, anafurahi, ndo aina ya watu anaowataka. Lakini anayekaa naye chini kumwelekeza ni Gloria, na anamwambia anachokipendea kwenye chesi, kwamba yule mdogo kabisa akivuka ubao wote akafika ng'ambo anaweza kugeuka kuwa mkubwa. Mtu aliyecheza drafti na vizibo hahitaji kueleweshwa hapo. Ninachokipenda mimi ni kwamba anayesema hayo ni mdogo, na anayeambiwa ni mkubwa kwake. Urafiki wao umeanzia hapo, mdogo kamvumilia mkubwa asiyejua kitu.

Aliyeigiza Gloria anaitwa Nikita Waligwa. Alifariki mwezi wa pili mwaka 2020, uvimbe kwenye ubongo, alikuwa na miaka 15 tu. Nawaambia mapema kwasababu mimi nlikuja kujua baadaye na sasa siwezi tena kumwangalia akicheka pale bila kufikiria hilo, na nadhani ni heshima tukimwangalia tukijua.

Watoto wengi mle ndani hawakuwa waigizaji. Madina Nalwanga aliyecheza Phiona walimkuta kwenye kikundi cha ngoma Kampala, na yeye mwenyewe aliwahi kuuza mahindi, ndo maana mkiangalia anavyobeba lile beseni kichwani akapita katikati ya magari hamtaona mtu anaigiza kubeba. Na huyu Mira Nair siyo mzungu wa Hollywood aliyeshuka Entebbe na kofia. Ni Mhindi, ana nyumba Kampala, alifika Uganda zamani akitafuta habari za Wahindi waliofukuzwa na Amin mwaka 1972, akaolewa na Profesa Mahmood Mamdani, na mwaka 2004 akaanzisha Maisha Film Lab ya kufundisha vijana wa Afrika Mashariki kutengeneza filamu. Walipiga picha Katwe yenyewe, kwenye matope yale yale. Na ule wimbo wa vijana wawili wanaorap kuhusu viungo, mmoja wao ni mtoto wake mwenyewe, wakati huo anajiita Young Cardamom. Huyo huyo jina lake halisi ni Zohran Mamdani, ambaye mwaka 2025 kachaguliwa meya wa New York. Kwahiyo mkimsikia leo mjue mnamsikiliza meya. Haya tuendelee.

Nilichotaka hasa kuongea ni mama. Lupita anamcheza Nakku Harriet, mama yake Phiona, mjane, watoto wanne, na mwanzoni hataki habari za chesi. Anadhani huyo Katende anafundisha watoto kamari. Mnacheka, lakini mama yangu mimi drafti alikuwa anaiita kazi ya wavivu, na wala hakukosea sana ukiangalia wale waliokuwepo pale kijiweni saa nne asubuhi. Mtoto akikaa mahali anacheza, ile saa ni mahindi ambayo hayajauzwa. Au dagaa. Watu wenye nacho wakiangalia wanasema mama mkali, hamwelewi mtoto. Mimi naangalia namwona mtu anayepiga hesabu, na hesabu yake iko sahihi kabisa, hela ya chumba haingoji kipaji.

Alafu Brian anagongwa na pikipiki. Hapo sasa. Bili ya hospitali haina pa kutokea, wanatoka pale kama wezi na mgonjwa wao, wanarudi nyumbani chumba kimeshaondoka, mwenye nyumba kawatoa. Wanaishia kwenye jengo bovu na mvua inakuja. Wale wa Mabatini mnaojua Mto Mirongo ukikasirika unavyoingia ndani bila hodi, ile sehemu ya mafuriko mtaiangalia miguu ikiwa juu ya kiti. Mimi huwa nanyanyua ya kwangu, hata siamui.

Na katikati ya hayo yote mama anauza nguo yake ya thamani, kitambaa kizuri kabisa ambacho mwanamke hauzi mpaka awe amefika mwisho, ili wapate mafuta ya taa Phiona asome usiku kitabu cha chesi. Yule yule aliyesema ni kamari. Hakuna hotuba pale, hakuna muziki wa kukulazimisha ulie. Anauza, ananunua mafuta, taa inawaka.

Mdogo wangu alifaulu darasa la saba vizuri mno, akachaguliwa shule ya bweni mkoa mwingine kabisa. Nyie mnaijua ile karatasi ya kujiunga. Godoro, tranka, ndoo, jembe, fagio, rimu ya karatasi, sare pea mbili, viatu vyeusi vya kufunga kamba. Mama alikaa na ile karatasi kama mtu aliyepewa hukumu. Aliuza vitenge vyake vya doti, vile vya kwenda harusini. Na mimi nlikuwa na baiskeli, nimeinunua kwa kubeba mizigo Mwaloni, Phoenix nyeusi, kengele yake ilikuwa inasikika mpaka Igoma (naongeza kidogo, lakini ilikuwa inasikika). Baiskeli ikawa godoro. Mama alisema usimwambie, nikasema sawa.

Kwahiyo akaenda. Sasa mje kwenye kile kipande ambacho kwangu mimi ndo roho ya hii muvi, na watu wengi wanakipita haraka. Wale watoto wanapelekwa mashindano Sudan, kwenye habari ya kweli ilikuwa Juba mwaka 2009, kabla Sudan Kusini haijawa nchi. Wamepanda ndege, wamelala hotelini, wamekula mpaka wakashiba, wamerudi na ushindi, mtaa mzima unawabeba. Alafu Phiona anafika nyumbani. Na nyumbani ni pale pale. Maji yanatakiwa kuchotwa. Mahindi yanasubiri. Na yeye hataki. Siyo kwamba amekuwa na roho mbaya, ila kuna kitu kimebadilika ndani na hajui akiweke wapi. Mama anamfuata Katende, umemfanya nini mwanangu, maana anaona kabisa mtoto huyu sasa hatakuwa wa Katwe na hatakuwa wa kule pia, atabaki anaelea katikati.

Huyo Phiona mimi nimeishi naye. Likizo ya kwanza mdogo wangu karudi, kafika mlangoni akasimama. Tulikuwa tunalala chumba kimoja na viroba vya dagaa, maisha yetu yote, na usiku ule akageuzia kichwa upande wa miguu, ukutani, akajifunika kanga puani. Asubuhi anaomba kijiko cha kulia wali. Kijiko! Mama alicheka mbele yake. Usiku wakati amelala mama akaniambia kwa sauti ya chini, mwanangu huyu ameshaondoka, na bado tunamlipia nauli ya kurudi. Mimi nlikuwa nimekasirika, siwezi kudanganya, na mpaka leo kwenye suala la dagaa nasema alikosea. Lakini nlipoiona hii muvi nlimwona Phiona kutokea usoni, siyo kutokea mgongoni kama nlivyokuwa namwona mdogo wangu, na ile sura siyo ya maringo hata kidogo. Ni sura ya mtu anayeogopa. Kaonja kitu, anajua kinaweza kuchukuliwa kesho, na nyumbani hakuna wa kumwambia kwasababu wa nyumbani hawajakionja.

Ndo maana nasema wale marafiki wa timu ni muhimu kuliko inavyoonekana. Kuna sehemu wanaenda kucheza King's College Budo, shule ya wakubwa ya Uganda, watoto wa Katwe na nguo zao, na usiku wanapewa vitanda, kila mtu cha kwake. Wanaishia kulala chini wote pamoja. Ukumbi ukicheka leo nami ntacheka, lakini mwangalie vizuri, hawajalala chini kwa ushamba. Wamelala pamoja kwasababu pale ni wao tu wanaojuana. Mdogo wangu kule bweni hakuwa na mtu wa Mabatini hata mmoja. Nlikuwa sijawahi kulifikiria hilo, mimi nlikuwa na kijiwe kizima.

Siyo kwamba muvi haina kasoro. Wote wanaongea Kiingereza wakati Katwe ni Kiluganda, na Disney ni Disney, mwishoni kuna sukari nyingi, nyumba, muziki, watu wanakimbia. Ila hata hapo kuna jambo moja waliloliacha la kweli, kwamba Phiona anaenda mashindano makubwa Urusi, Olimpiadi ya chesi, na anafungwa. Anafungwa vibaya, anarudi anataka kuacha kabisa. Na hakuna kocha anayeweza kumtibu hapo peke yake. Ile mitaa aliyokuwa anaiona ndogo ndo inampokea. Kwenye maisha ya kweli aliendelea, mwaka 2012 baada ya Olimpiadi ya Istanbul akapata daraja la Woman Candidate Master, cheo cha kimataifa cha wanawake kwenye chesi, akaja kwenda kusoma chuo Marekani, yeye na Benjamin, yule rafiki yake wa timu ile ile ya uji. Wawili kutoka kwenye chumba kimoja. Hiyo hawakuiweka kwenye muvi maana ilikuwa bado haijatokea.

Mwaka juzi mdogo wangu alikuja likizo, siku hizi anafundisha hesabu sekondari, nikamwambia kaa tuangalie kitu. Tukakaa kwenye kibanda changu cha simu, kompyuta juu ya meza, vifuniko vya simu za watu kila mahali. Nlidhani atalia kwenye Sudan. Hakulia. Kalia pale Harriet anapouza kile kitambaa, na hakulia kidogo. Akaniambia, mama alikuwa na doti moja ya bluu, ilienda wapi? Nikaona sasa siri haina kazi tena, mama mwenyewe keshakuwa mtu wa kusimulia kila kitu. Nikamwambia vitenge, nikamwambia na baiskeli. Akanyamaza, muvi inaendelea, hatuiangalii tena. Alafu anasema, kwahiyo miaka minne yote nimelalia Phoenix? Nikamwambia ndiyo, na kengele yake. Tukacheka mpaka mteja aliyekuja kuweka vocha akaondoka.

Mwishoni kabisa, majina yanapopanda, msinyanyuke. Naomba sana, najua daladala, msinyanyuke. Kila mwigizaji anatokea anasimama, na yule mtu wa kweli aliyemwigiza anakuja kusimama pembeni yake. Lupita na Harriet mwenyewe. David Oyelowo na Katende mwenyewe. Na Brian. Brian wa kweli naye anatokea, amesimama na kijana aliyemcheza, wanaangalia kamera. Huwa nasimamisha picha hapo hapo. Leo rimoti siyo yangu kwahiyo itapita tu, ila mtamwona.

Nimemaliza, mwenyekiti usininyanyukie. Muvi ikiisha tutakuwa na maongezi na mimi nina swali langu nimelileta, nataka mtu mwenye watoto anijibu. Phiona ana dada mkubwa, anaitwa Night. Anachoka na umaskini, anaondoka na mwanaume mwenye pikipiki, mama hataki hata kumsikia, na baadaye anarudi na mimba na mama anampokea. Harriet alipambana na dunia nzima kwa ajili ya Phiona mwenye kipaji. Mimi kila nikiiangalia namtafuta Night, yule ambaye hakuna kocha aliyekuja kugonga mlango kwa ajili yake, na sijui kama Harriet alifanya sawa kumwachia aende siku ile au hakuwa na namna. Mama yangu nimemuuliza, kakataa kunijibu, kasema yeye hakuwa na Night. Kwahiyo ntawauliza nyie. Zimeni taa.